Timazi

Nairobi hii, neno "kunyooshwa" halina shughuli na mgongo. Kodi ya nyumba ikipanda, tumenyooshwa. Bei ya mafuta ikitangazwa usiku wa tarehe 14, tumenyooshwa. Timu yako ikipigwa tano bila, mmenyooshwa na hamna la kusema. Mimi pia nilinyooshwa, lakini kwa bolti. Nina skrubu sita na vyuma viwili vya titaniamu ndani ya mgongo, kila chuma urefu wa kidole cha kati hivi, na kazi vilivyopewa ni moja tu: kushikilia mfupa uliovunjika ukae wima hadi ujiunge.

Nilipotoka kwenye upasuaji, mgongo wangu pale ulipovunjika ulikuwa umeinama mbele digrii 5. Miaka miwili baadaye zikawa digrii 14. Hizo digrii 9 za katikati nusura ziuze shamba la baba yangu.

Wacha nianze na namna mfupa unavyovunjika, maana bila hiyo digrii ni namba tu.

Uti wa mgongo ni mnara wa pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, halafu mfupa wa pembetatu ulio nyuma ya nyonga, na kifandugu mwishoni. Za kifua zimefungwa na mbavu, hazichezi sana. Za kiuno ziko huru, unainama nazo ukifua na unazungusha nazo ukicheza. Pale sehemu ngumu inapokutana na sehemu huru, kati ya pingili ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno, ndipo nguvu ya ajali hupenda kumalizikia. Fundi yeyote wa mjengo atakuambia ufa hutokea pale nyumba ya zamani iliposhikanishwa na chumba kipya. Mgongo nao uko hivyo.

Mathree yetu iliacha barabara usiku, si mbali na Salgaa. Haikubingirika. Iliruka mtaro ikatua, na sisi tuliokaa nyuma tukatua nayo, makalio kwanza. Uzito wangu ulikuwa unashuka, kiti kilikuwa kinapanda, na katikati yao palikuwa na pingili yangu ya kwanza ya kiuno. Kuna aina ya mvunjiko ambapo pingili haipati ufa tu, inapasuka. Inafinywa kutoka juu hadi vipande vinasukumwa pande zote, vingine vinarudi nyuma kwenye mfereji unaopitisha neva. Chukua pakiti ya maziwa, isimamishe, halafu ikanyage. Hiyo ndiyo ilikuwa mimi.

Gizani nilikuwa nachezesha vidole vya miguu ndani ya viatu. Kumi. Nikahesabu tena, kumi. Niliendelea kuhesabu hadi mtu akanishika kichwa kwa mikono miwili akaniambia, "Sista, usigeuke."

Si kila mgongo uliovunjika hupasuliwa, na hii watu wengi hawaijui. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha majeraha ya uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza. Ni huyo huyo ambaye mashindano yake ya wagonjwa wa viti vya magurudumu yalizaa Paralimpiki. Yeye aliamini katika mito na subira. Mgonjwa analazwa, mito inapangwa chini ya mgongo ili mfupa urudi mahali pake, anageuzwa kila baada ya saa chache mchana na usiku, wiki baada ya wiki, hadi mfupa ushike. Skrubu za kupita kwenye vile vishingo viwili vya mfupa nyuma ya kila pingili zilikuja kushika kasi baada ya kazi ya Raymond Roy-Camille kule Paris, miaka ya 1960. Na mwaka 1983 daktari Francis Denis akaleta hesabu ambayo bado inasikika wodini: hesabu uti wa mgongo kama nguzo tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, kisha uliza ngapi zimeanguka.

Zangu ziliguswa zote tatu. Kwa hiyo mito haingetosha. Kabla ya upasuaji nilikuwa nimeinama digrii 24. Walinilaza kifudifudi, wakaweka skrubu mbili juu ya ufa, mbili chini yake, na mbili kwenye pingili yenyewe iliyovunjika, wakaziunganisha na vyuma, wakanirudisha hadi 5. Familia ilichanga, kanisa likachanga, watu niliosoma nao darasa la nne wakatokea kwenye grupu la WhatsApp na mia tano tano. Nilipopigwa eksirei ya kwanza, Baba aliiinua dirishani, akafumba jicho moja kama anavyofanya akiangalia mstari wa mawe, akasema, "Hii sasa ni kazi safi."

Baba ni fundi wa mawe. Amejenga nusu ya ghorofa unazoziona Kayole na hamiliki hata moja. Mimi ananiita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na akisema "Mama" kwa sauti fulani, ujue mjadala umefungwa.

Kitanda cha dirishani, karibu na changu, kulikuwa na dada mmoja niliyekuwa namwita Jirani. Yeye alianguka na nduthi. Mvunjiko wake ulikuwa juu zaidi, katikati ya kifua, na upasuaji wake ulikuwa umeenda vizuri kuliko wa mtu yeyote wodini. Eksirei yake ilikuwa picha ya kitabuni. Siku moja daktari mkuu alipita na wanafunzi wake, akaishika ile picha kwenye mwanga, akawaambia waangalie jinsi pingili zilivyopangika, jinsi mfereji ulivyo wazi. Wakaangalia. Wakaandika. Wakaondoka.

Jirani alisubiri mlango ufungwe, akageuza kichwa upande wangu. "Sasa hiyo picha si itembee."

Nilicheka hadi nesi akaja. Halafu tukanyamaza wote wawili kwa muda mrefu.

Miguu yake haikuwa inasikia kitu. Uzi wa neva unaoshuka mgongoni huumia wakati ule ule wa pigo, kwa sehemu ya sekunde, kabla ambulensi haijawashwa. Daktari akifika anaweza kuondoa kinachoubana, anaweza kuzuia mfupa unaocheza usiuumize zaidi, lakini hawezi kuunganisha kilichokatika. Kwa mtu mzima uzi huo unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo neva zinatawanyika kama mkia wa farasi, na mkia huo huvumilia misukosuko kuliko uzi wenyewe. Yeye alipigwa kwenye uzi. Mimi nilipigwa pale uzi unapoishia, nikabahatika. Tofauti yetu ilikuwa pingili chache tu, wala haikuwa bidii, wala maombi.

Usielewe kwamba kunyooka kwake kulikuwa bure. Mgongo uliofungwa imara ulimruhusu kuketi mapema badala ya kulala miezi. Mapafu yake yalipata nafasi, vidonda vya kitanda vikaepukwa. Baadaye alipohamishiwa kwenye hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, pale Hurlingham, alijifunza kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa mikono, na mtu hawezi kufanya hivyo kama mgongo unamkunja mbele kila akiachilia kiti. Anaketi kama malkia. Lakini tangu wodini nilijua kwamba picha ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine.

Ndiyo maana ile eksirei ya miaka miwili haikunishtua mimi. Ilimshtua Baba.

Pembe hii hupimwa kwa njia ambayo daktari wa Marekani, John Cobb, aliieleza mwaka 1948 akishughulikia watoto wenye migongo iliyopinda pembeni. Unachora mstari juu ya pingili iliyo juu ya jeraha, unachora mwingine chini ya pingili iliyo chini yake, unaangalia mistari inakutana kwa digrii ngapi. Zamani ilikuwa penseli na protrekta, ile ile ya seti ya jiometri. Siku hizi ni kubofya kompyuta. Zikatokea 14.

"Mama, huu ukuta umeinama," Baba alisema.

Nikamwambia siumwi sana, nafanya kazi, natembea.

"Ukuta ukiinama hauongei nao. Unabomoa, unapanga upya."

Wiki hiyo hiyo alikuwa ameshapiga simu Vihiga. Ana nusu ekari karibu na kaburi la nyanya, yule ambaye mimi ni jina lake. Mnunuzi alikuwepo, kumbe alikuwepo siku zote, watu wa kununua shamba huwa hawakosekani. Hesabu ya Baba ilikuwa rahisi: mchango wa kwanza ulinunua digrii 5, sasa zimeibiwa, basi tununue tena.

Nilienda naye kliniki. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyemwita Baba "Mzee" na kumvutia kiti kabla hajaketi yeye. Alieleza kwanza kwa nini digrii hurudi. Ukiinua pingili iliyopondwa, unarudisha umbo lake la nje, lakini ndani linabaki pango, kwa sababu mfupa laini wa ndani ulishasagika. Chuma kiko nyuma na uzito wa mtu uko mbele. Mfupa ukijiunga, unajiunga ukiwa umekaa chini kidogo. Diski zilizo jirani nazo, ambazo zilipigwa siku ile ile, hupoteza maji na kimo polepole. Vyuma vinashikilia kwa muda tu. Mfupa ndio hubeba kwa maisha. Usipojiunga, hata titaniamu huchoka na kukatika kama waya unaokunjwa mara nyingi. Wangu ulikuwa umejiunga.

Tena, akasema, ile picha ya kwanza nilipigwa nimelala na hii nimepigwa nimesimama, na mtu akisimama uzito hushuka. Na watu wawili wakipima picha moja wanaweza kutofautiana digrii 3 hadi 5 bila yeyote kuzembea.

Baba alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kofia magotini. "Daktari, naheshimu masomo yako," akasema. "Lakini kumi na nne si tano."

Daktari akafikiri kidogo. "Mzee, wewe ukipima ukuta unatumia nini?"

"Pima maji na timazi."

"Pima maji inakuambia nini?"

"Kama jiwe limelala sawa."

"Na timazi?"

"Kama ukuta wote umesimama."

"Basi hiyo kumi na nne ni pima maji. Inatuambia kuhusu jiwe moja. Timazi bado hatujaangusha."

Nilimwona Baba akikaa sawa kwenye kiti. Kumbe kwao wana timazi. Unapiga eksirei ndefu, kutoka shingoni hadi nyonga, mtu amesimama kando anavyosimama kila siku. Unatafuta pingili ya 7 ya shingo, ile inayotokeza ukiinamisha kichwa, unashusha mstari wima kama uzi wenye risasi. Mstari huo unatakiwa kuangukia karibu na kona ya nyuma ya juu ya ule mfupa wa pembetatu. Ukitangulia mbele chini ya sentimita 5 hivi, kichwa bado kimekaa juu ya nyonga na mtu anasimama bila vita. Ukipita hapo sana, kila hatua inakuwa kazi ya kujizuia usianguke mbele.

Na mgongo wenyewe hauko wima popote, hata wa mtu ambaye hajawahi kuanguka. Shingo inaingia ndani, kifua kinatoka nje, kiuno kinaingia tena. Mgongo ulionyooka kama rula ungekuwa ugonjwa. Zile pinda zinadaiana: moja ikizidi, nyingine inalipa. Mimi nikiinama mbele pale penye jeraha, kiuno changu chini yake kinajipinda nyuma zaidi kidogo kunirudisha. Wale waliopinda sana, kiuno kikishindwa, nyonga huzunguka kwenda nyuma, na nyonga zikishindwa, magoti hukunjika. Mwili unatafuta tu namna ya kuweka macho mbele.

Nilipiga ile picha ndefu. Mstari wangu uliangukia sentimita 2 mbele.

Hapo ndipo swali la kweli lilipokuja mezani. Kunirudisha kwenye digrii 5 ingekuwa upasuaji mkubwa kuliko wa kwanza: kukata mfupa uliokwisha kujiunga, karibu kabisa na neva, kuongeza skrubu juu na chini, pengine kuingia upande wa mbele na kuweka kikapu cha chuma mahali pa pingili. Kuna watu wanaouhitaji. Wengine wamepinda digrii 30 na zaidi, wengine maumivu hayawaachi, wengine miguu imeanza kufa ganzi. Daktari alisema angekuwa wa kwanza kuwapangia tarehe. Lakini kwangu mimi tungekuwa tunaweka mezani vidole kumi vinavyocheza, ili tushinde digrii 9 kwenye picha.

Mwaka 2003 Kirkham Wood na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu waliovunjika kama mimi, pingili ya kupasuka katika eneo lile lile, lakini mivunjiko iliyokuwa imara na neva zikiwa salama. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji, jingine likafungwa plasta au mshipi wa mgongo. Mwisho wa ufuatiliaji, kuinama kwa makundi yote mawili kulikaribiana, na waliopasuliwa hawakuwa na nafuu kubwa ya kujivunia kwenye maumivu au kurudi kazini. Mvunjiko wangu haukuwa imara, kwa hiyo bado nashukuru kwa skrubu zangu. Ninachotoa pale ni kwamba digrii na maisha haviendi bega kwa bega kama tunavyofikiria. Kuna mtu wa digrii 4 hawezi kukaa kwenye kiti dakika kumi. Kuna mtu wa digrii 18 anachimba shamba.

Nilimwambia Baba tukiwa kwenye stage, tukisubiri gari. "Baba, mimi sirudi huko ndani. Usiuze."

Hakujibu. Tulipanda, nikakaa mbele karibu na dereva, yeye nyuma yangu. Tulipofika Donholm alinigusa bega. "Ikianza kuuma sana utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Usinifiche kwa sababu ya shamba."

"Sitakuficha."

Sitaki mtu asome hapa afikirie ni hadithi ya kufurahia kupinda. Kufika saa kumi jioni misuli ya mgongo wangu imefanya kazi ya siku mbili, kwa sababu ndiyo inayolipa lile deni la mbele. Nafanya mazoezi ya fizio kila asubuhi kwenye mkeka, hata siku ambayo sina nguvu ya kupiga mswaki. Sibebi mtungi wa maji wa lita 20. Kwenye lami yenye mashimo nanyanyuka kitini kabla tuta halijafika, na kondakta wananiangalia kama mwendawazimu. Kila mwaka napiga eksirei nikiwa nimesimama, na kuna vitu vitatu nimeambiwa nisivisubirishe hata wiki: mguu ukianza kulegea, ganzi ya mapajani ikipanda kuelekea sehemu za siri, au mkojo ukianza kukataa amri.

Jumapili moja Baba alikuja kwangu na begi lake la kazi. Sikumuuliza. Alitoa timazi, ile risasi ya shaba iliyochakaa ambayo nimeiona tangu utoto, akaniambia nivue viatu nisimame mlangoni, upande, nitazame mbele. Akainua uzi karibu na shingo yangu, akauachilia. Timazi huchukua muda kutulia. Tulisubiri wote wawili kimya, risasi ikipunguza kuyumba. Halafu akafumba jicho moja, akashuka na uzi polepole: bega, nyonga, kifundo cha mguu. Akarudia mara ya pili kutoka upande wa pili, kama anavyofanya na kona ya nyumba ya mtu.

"Inasimama," akasema, akakunja uzi. "Weka chai."

Vihiga walipanda mahindi msimu huo.

Jirani naye ana kibanda cha vifaa vya simu Umoja, na huwa ananitumia ujumbe wa sauti akianza na, "Leo umepinda ngapi?" Wiki iliyopita alikuwa ameitwa kwa barua moja kwenye ofisi katikati ya jiji, ghorofa ya nne, akaniomba nimwangalizie kama lifti inafanya kazi kabla hajalipa teksi. Nilienda baada ya kazi. Lifti ilikuwa na karatasi mlangoni, na karatasi yenyewe ilikuwa ya zamani. Nikapanda ngazi taratibu, nikishika ukuta, hadi juu, nikauliza kama kuna mlango wa nyuma au njia ya mizigo. Hakuna. Nikaketi kwenye ngazi ya mwisho, mgongo ukinung'unika, nikamrekodia: waambie hao watu washuke chini na hizo karatasi zao, nitakuja nawe siku hiyo tuwangoje hapo mlangoni.